Jinsi ya kuweka R kwenye kompyuta: programu ya takwimu isiyouzwa

Programu ya takwimu iitwayo R haiuzwi. Mwanafunzi wa chuo, mwalimu wa sekondari, katibu wa chama cha ushirika au mtunza daftari wa kikundi cha wachimbaji wadogo anaweza kuichukua mtandaoni bila kulipa hata shilingi moja, akaiweka kwenye kompyuta yake na kuitumia miaka yote. Kinachogharimu ni bando la intaneti. Ukimwita fundi akusaidie, unaweza kumlipa kwa kazi na muda wake, lakini akikutajia bei ya programu yenyewe, ujue hiyo bei haipo.

Tumeandika maelezo haya kwa sababu wazazi wa Shinyanga na Geita wamekuwa wakituuliza kuhusu watoto wao walio vyuoni. Kijana anafika mwaka wa kufanya utafiti, anaambiwa awe na programu ya kuchambua takwimu, kisha anapiga simu nyumbani kuomba pesa. Zipo programu za takwimu zinazouzwa kwa leseni, na SPSS ni mojawapo. Nakala zake za wizi huzunguka kwenye flashi, mara nyingi zikiwa zimebeba virusi. Kabla hujauza gunia la mpunga kwa ajili hiyo, mwambie kijana wako amuulize mwalimu wake kama R inakubalika. R hufundishwa na kutumika katika vyuo vikuu na taasisi za utafiti duniani kote, na inafanya uchambuzi wote wa kawaida ambao utafiti wa mwanafunzi unahitaji.

Soma hatua zote mpaka mwisho kabla ya kununua bando. Ukishazielewa utapakua mara moja tu.

R ni nini na ilitoka wapi

R ni lugha ya kuiagiza kompyuta ifanye hesabu za takwimu na kuchora grafu. Badala ya kubofya vitufe vingi, unaandika agizo fupi kama "tafuta wastani wa namba hizi", nayo inajibu. Faida ya kuandika ni kwamba maagizo yako yanabaki kwenye faili. Mwenzako anaweza kuyasoma, kuyarudia na kuona kama ulikosea mahali.

Ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand: Ross Ihaka na Robert Gentleman. Majina yao yote mawili yanaanza na herufi R, na hapo ndipo jina lilipotoka. Pia ni utani kidogo juu ya lugha ya zamani iliyoitwa S, iliyotengenezwa katika maabara za Bell nchini Marekani. Mwaka 1995 waliitoa R kwa leseni huria, leseni inayomruhusu mtu yeyote kuitumia, kuinakili na kuigawa. Toleo namba 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Leo inatunzwa na wataalamu wa nchi nyingi, na ghala lake kuu la mtandaoni linaitwa CRAN.

Hiyo leseni huria ndiyo inayokupa haki ya kuiweka R kwenye flashi na kumpa jirani. Kufanya hivyo si wizi.

Kabla ya kuanza

Kwanza, kompyuta. R kamili huwekwa kwenye kompyuta ya mezani au kompyuta mpakato, si kwenye simu. Wenye simu peke yake tumewawekea sehemu yao huko chini. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 inatosha kwa kujifunzia na kwa kazi za chuo. Hakikisha diski ina nafasi ya GB 2 au zaidi.

Kama kompyuta inatumia Windows, fungua Settings, kisha System, kisha About, na utafute mstari wa "System type". Ukiona "64-bit", endelea. Ukiona "32-bit", matoleo mapya hayatakubali, maana tangu R 4.2.0 ya mwaka 2022 kompyuta za namna hiyo ziliachwa. Toleo la mwisho kwao ni R 4.1.3, nalo bado lipo kwenye ghala la matoleo ya zamani.

Pili, bando. Faili la R kwa Windows lina ukubwa wa chini kidogo ya MB 100. Programu ya pili tutakayoieleza, RStudio, inakaribia MB 300. Ongeza MB 100 hadi 200 kwa nyongeza ndogondogo. Bando la GB 1 linatosha endapo kompyuta haitalila kwa mambo mengine.

Na hapo ndipo wengi huumia. Ukiunganisha kompyuta na intaneti ya simu, Windows huanza kimyakimya kupakua masasisho yake, na bando linaisha kabla R haijafika nusu. Ili kuizuia, fungua Settings, nenda Network & internet, chagua mtandao uliounganishwa, kisha washa "Metered connection". Kwa kufanya hivyo unaiambia Windows kwamba intaneti hii inapimwa, nayo itaahirisha sehemu kubwa ya masasisho. Funga pia kurasa za video.

Tatu, umeme. Jaza chaji kwanza. Faili likikatika katikati kwa sababu kompyuta imezimika, huenda ukalazimika kuanza upya.

Hatua ya kwanza: kuweka R

Anza na R yenyewe. RStudio ni kama dashibodi na R ndiyo injini. Dashibodi peke yake haiendeshi gari.

1. Fungua kivinjari, Chrome au kingine, na uandike anwani hii juu kabisa: cran.r-project.org. Iandike mwenyewe. Ukitafuta tu "R download" kwenye Google unaweza kuangukia tovuti za watu wanaofunga programu za bure pamoja na matangazo na virusi.

2. Bofya "Download R for Windows". Kwenye ukurasa unaofuata bofya "base". Kisha bofya mstari mkubwa wa juu unaoanza na "Download R-4" na kuendelea na namba nyingine. Hizo namba hubadilika kila toleo jipya linapotoka, kwa hiyo usishangae zako zikitofautiana na za mwenzako.

3. Faili likishafika, liko kwenye folda ya Downloads na jina lake linaishia na "-win.exe". Libofye mara mbili. Windows ikiuliza kama unaruhusu mabadiliko, jibu Yes.

4. Chagua English, kisha bofya Next kwenye kila dirisha bila kubadilisha kitu. Mwisho bofya Finish. Kazi hii haihitaji intaneti tena, kwa hiyo unaweza kukata bando mara faili linapofika.

Kwa kompyuta ya Mac, kwenye ukurasa uleule bofya "Download R for macOS". Utakuta mafaili mawili: jina la faili la kompyuta mpya zenye chipu ya Apple lina neno arm64, na la zile za zamani zenye chipu ya Intel lina x86_64. Bofya alama ya tufaha juu kushoto, kisha About This Mac, uone yako ni ipi. Kwa wanaotumia Ubuntu, agizo moja linatosha:

sudo apt install r-base

Hatua ya pili: kuweka RStudio

R peke yake inafanya kazi, lakini dirisha lake ni tupu na linamchosha anayeanza. RStudio inaipangia R meza nzuri: mahali pa kuandika maagizo, mahali pa kuona majibu, mahali pa grafu na mahali pa mafaili. Ilitolewa kwa umma mwaka 2011. Kampuni inayoitengeneza nayo iliitwa RStudio mpaka mwaka 2022, ilipobadili jina na kuwa Posit. Programu imebaki na jina lake la zamani.

1. Andika anwani hii: posit.co/download/rstudio-desktop

2. Tafuta "RStudio Desktop", ambayo ni ya bure. Kampuni hiyohiyo inauza bidhaa nyingine kwa makampuni. Ukiona ukurasa unakuomba namba ya kadi ya benki, umepotea njia, rudi nyuma.

3. Pakua, bofya faili mara mbili, kisha Next mpaka Finish.

4. Ifungue RStudio. Mara ya kwanza inaweza kukuuliza itumie R ipi. Acha chaguo la kwanza lilivyo na ubofye OK.

Ukiona dirisha lililogawanyika, na upande mmoja kuna maandishi yanayotaja toleo la R yakifuatiwa na alama hii >, umemaliza. Alama hiyo maana yake ni kwamba R inakusubiri uiagize.

Jaribio la kwanza: watu wa Geita na Shinyanga

Tujaribu kwa namba halisi za kwetu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilihesabu watu mwaka 2012 na tena mwaka 2022. Mkoa wa Geita, uliozaliwa mwaka 2012 kutoka sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera, ulikuwa na watu 1,739,530 mwaka huohuo. Sensa ya 2022 ilikuta 2,977,608. Shinyanga ilitoka 1,534,808 ikafika 2,241,299. Tanzania nzima ilitoka 44,928,923 ikafika 61,741,120.

Andika mistari hii mmoja mmoja, ukibonyeza Enter kila mwisho wa mstari. Usiweke koma ndani ya namba, kwa sababu R inaichukulia koma kama kitenganishi cha kitu na kitu.

2977608 / 1739530
2241299 / 1534808
61741120 / 44928923

R itajibu 1.711731 kwa Geita, 1.460312 kwa Shinyanga na 1.374195 kwa taifa. Tafsiri yake ni rahisi. Mahali palipokuwa na watu 100 Geita mwaka 2012, miaka 10 baadaye palikuwa na 171. Shinyanga walikuwa 146, na nchi nzima 137. Kamati ya shule au ya zahanati mkoani Geita inayopanga madawati na vitanda kwa hesabu ya mwaka 2012 inawasahau watu 71 kwa kila 100. Hesabu hii haisemi wangapi walizaliwa hapa na wangapi walihamia kufuata dhahabu, biashara au ardhi. Kwa hilo zinahitajika namba nyingine.

Sasa chora grafu:

barplot(c(1.71, 1.46, 1.37), names.arg = c("Geita", "Shinyanga", "Taifa"))

Nguzo tatu zitatokea upande wa kulia. Bofya Export juu yake uihifadhi kama picha, uitume WhatsApp au uiweke kwenye taarifa ya kikao.

Jaribio la pili: daftari la duara

Mfano huu namba zake tumezibuni kwa ajili ya somo, lakini jambo lenyewe linatokea kila siku. Kikundi kina duara moja na kimeandika gramu za dhahabu walizopata mwaloni kwa wiki 8. Mtu anaalikwa aweke pesa ya magogo, dizeli ya pampu na chakula cha vijana, na anaambiwa: "Kwa wastani tunapata gramu 12 kwa wiki." Tuangalie.

gramu <- c(4, 5, 3, 6, 4, 62, 5, 7)
mean(gramu)

Mshale huo, unaoandikwa kwa alama ya < na kistari, una maana ya "weka namba hizi ndani ya kapu liitwalo gramu". Neno mean ni wastani. Jibu ni 12. Kumbe hawakudanganya! Sasa ongeza:

median(gramu)
sum(gramu >= 12)

Agizo la kwanza linazipanga namba kuanzia ndogo hadi kubwa na kukupa ile ya katikati: 5. La pili linauliza ni wiki ngapi zilifika gramu 12 au zaidi: jibu ni 1. Wiki moja ya bahati, ile ya gramu 62, imeuinua wastani wote. Katika wiki nyingine 7, hakuna hata moja iliyozidi gramu 7. Anayekopa akitegemea gramu 12 kila wiki atakwama kwenye marejesho mapema sana, na hakuna aliyemwongopea kwa namba. Aliulizia wastani peke yake. Kwa mapato yanayokuja kwa bahati, yawe ya dhahabu au ya pamba katika mwaka wa mvua ya kubahatisha, uliza pia namba ya katikati.

Lipo jambo la pili kuhusu daftari. Wiki ambayo hamkupata kitu mnaandika 0. Wiki ambayo mwandishi alisafiri na hakuna aliyeandika mnaandika NA, kwa herufi kubwa, maana yake "haijulikani". Hizi si sawa, na kuzichanganya kunaharibu hesabu. Kwenye daftari lenye NA, andika hivi:

mean(gramu, na.rm = TRUE)

R itaziruka zile zisizojulikana na kuhesabu zilizobaki. Na ikumbukwe kwamba R haina macho ya kuona mwaloni. Aliyeandika akipunguza gramu, R italeta jibu zuri lenye desimali nyingi, na litakuwa la uongo.

Kusoma faili la Excel

Wengi tayari wana orodha kwenye Excel: wanachama na kilo za pamba, wanafunzi na alama zao, wagonjwa kwa mwezi. Fungua faili, chagua Save As, kisha aina ya faili iitwayo CSV. Halafu kwenye R andika:

orodha <- read.csv(file.choose())
summary(orodha)

Dirisha litafunguka uchague faili lako. Agizo la summary litakuonyesha kwa kila safu ya namba iliyo ndogo kuliko zote, iliyo kubwa kuliko zote, wastani na namba ya katikati. Kama safu ya pesa haitoi wastani, angalia kama uliandika 25,000 yenye koma au "25000 tsh". R inasoma hayo kama maneno. Yafute ibaki 25000.

Kuongeza pakeji

R huja na mambo ya msingi. Kazi maalumu huongezwa kwa pakeji, na ghala la CRAN lina zaidi ya 20,000, zote za bure. Wataalamu wa malaria wana yao iitwayo malariaAtlas. Nchini Kenya, mchambuzi wa takwimu Shelmith Kariuki alitengeneza rKenyaCensus, pakeji yenye matokeo ya sensa ya Kenya ya mwaka 2019, ili mtu asilazimike kuzinakili namba kwa mkono kutoka kwenye vitabu vya serikali.

Kuongeza pakeji ya grafu nzuri, andika:

options(timeout = 600)
install.packages("ggplot2")

Mstari wa kwanza ni muhimu sana vijijini. R ilivyo, faili lisipomaliza kushuka ndani ya sekunde 60 inaliacha. Mstari huo unaipa uvumilivu wa dakika 10. Ikikuuliza kuhusu maktaba binafsi, jibu Yes. Ikitaja kitu kiitwacho Rtools, mara nyingi ni tahadhari tu. Usikipakue bila sababu, kwani ni kikubwa na kitamaliza bando.

Pakeji inawekwa mara moja, lakini kila unapofungua R upya unaiita kwa kuandika:

library(ggplot2)

Ikikataa

Ujumbe wa makosa unakuja kwa Kiingereza na unatisha, lakini sababu nyingi ni zilezile.

"could not find function": umekosea jina la agizo au hujaiita pakeji. R inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Ukiandika Mean badala ya mean, haikuelewi.

Alama ya > imegeuka kuwa +: hujafunga mabano au alama za nukuu. Bonyeza kitufe cha Esc uanze mstari upya.

Agizo ulilotumiwa kwa WhatsApp linakataa ingawa linaonekana sawa: simu imebadilisha alama za nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda. Zifute na uziandike upya kwa kibodi ya kompyuta.

RStudio inasema haioni R: uliruka hatua ya kwanza. Weka R, kisha uifungue RStudio tena.

Umeme ulikatika na kazi imepotea: siku nyingine usiandike kwenye alama ya > peke yake. Nenda File, New File, R Script, uandike humo, na uhifadhi kwa Ctrl na S kila baada ya muda mfupi. Kuutekeleza mstari, weka kishale juu yake na ubonyeze Ctrl na Enter.

Bando moja kwa watu kumi

Faili la R na la RStudio hayabanwi kwa kompyuta moja. Mtu mmoja akipakua Kahama mjini, anaweza kuyabeba kwa flashi mpaka shuleni na kila kompyuta ikawekewa bila intaneti. Mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, nakili faili la kusakinisha, lile linaloishia na .exe, si picha ndogo iliyoko kwenye kioo. Pili, pitisha flashi kwenye kipima virusi. Tatu, pokea kutoka kwa mtu aliyepakua kwenye anwani mbili tulizozitaja. Pakeji nazo zinabebeka: kwenye ukurasa wa pakeji ndani ya CRAN pakua faili la Windows linaloishia na .zip, kisha andika:

install.packages(file.choose(), repos = NULL)

Pakeji nyingi hutegemea nyingine, kwa hiyo anayepakua abebe na zile zinazotajwa kwenye ukurasa huo, na wote muwe na toleo moja la R.

Mwenye simu tu

Unaweza kuanza leo bila kompyuta. Ipo R inayofanya kazi ndani ya kivinjari, iitwayo webR, kwa anwani webr.r-wasm.org. Chagua toleo la karibuni, subiri ifunguke, uandike yale majaribio mawili ya hapo juu. Kioo cha simu ni kidogo na mara ya kwanza inakula bando kiasi, lakini hesabu inatoka ileile. Njia nyingine ni posit.cloud, ambako unafungua akaunti na kutumia RStudio kupitia intaneti, kwa mpango wa bure wenye muda wenye kikomo kila mwezi. Kwa mwanafunzi anayeazima kompyuta, huko kazi yake inamsubiri popote alipo. Taarifa za siri, kama majina ya wagonjwa, usizipandishe huko.

Maswali tunayoulizwa

Je, lazima kujua Kiingereza? Maagizo ni maneno machache ya Kiingereza kama mean, sum na plot. Yanazoeleka kama vitufe vya simu. Majina ya makapu na ya safu unaweza kuyaandika kwa Kiswahili, kama tulivyofanya kwa gramu na orodha.

Je, intaneti inahitajika kila siku? Hapana. Ukishaweka R, RStudio na pakeji zako, unafanya kazi bila intaneti kabisa.

Je, nisasishe kila toleo jipya linapotoka? Si lazima. Aliye katikati ya utafiti abaki na toleo lake mpaka amalize.

Je, inafaa kwa daftari la VICOBA? Kwa kuandika marejesho ya kila juma, daftari na Excel vinatosha. R inasaidia pale mnapotaka kujua jambo: nani huchelewa, miezi gani mikopo hulala, faida imekwenda vipi kwa miaka mitatu.

Sasa rudi kwenye sehemu ya "Kabla ya kuanza", angalia kama kompyuta ni ya 64-bit, uwashe "Metered connection", ndipo ununue bando.